Meno Niliyomnunulia Nyanya

Watu wa kwetu wakitaka kunisifu, hunisifu kwa meno. Tukiwa kwenye harusi au matanga, shangazi fulani atanishika mkono na kumwambia mgeni, "Huyu ndiye aliyemnunulia nyanya yake meno." Mgeni ataniangalia kwa heshima. Nami nitatabasamu na kusema ni kawaida tu, ni wajibu wa mjukuu, na wakati huo huo natamani ardhi ipasuke inimeze. Siwezi kumwambia shangazi anyamaze, kwa sababu kwake yeye nilifanya jambo jema, na ukweli ni mrefu mno kuusimulia umeshika sahani ya pilau.

Nyanya, mama yake baba, hakuwa na meno sita ya mbele ya chini. Hakuyapoteza kwa uzee wala kwa ugonjwa. Aling'olewa akiwa msichana, kama walivyong'olewa wenzake wote wa rika lake kule Asembo Bay, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya Mjaluo aliyekomaa. Bila pengo hilo wewe bado ni mtoto, na msichana aliyelia siku ya kung'olewa alichekwa mpaka akaolewa. Nyanya alitusimulia habari hiyo kila likizo, na kila likizo aliongeza chumvi.

"Mimi sikulia," alisema. "Yule mzee nilimuuma kidole."

"Kwa meno gani, nyanya, na ameshayang'oa?"

"Kwa ya juu na ufizi! Aliondoka hapa akilia yeye."

Kisha alicheka, na kicheko chake kilitoka kwa lile pengo na filimbi ndani yake. Pengo lile lilikuwa na kazi zake. Alilitumia kuita kuku. Alilitumia kutuita sisi tulipochelewa ziwani. Ukimpa kichwa cha ngege, yule samaki wa ziwani, alikinyonya kwa pale pale mbele, akatoa mfupa mmoja mmoja bila kutumia kidole, mpaka kikabaki kitu ambacho hata paka alikinusa akaenda zake. Alikuwa akinunua samaki wa kukausha na omena, dagaa wa ziwani, kule ufuoni na kuuza siku za soko, na nasikia hakuna mwanamke aliyeweza kushindana naye kwa maneno. Mteja aliyelalamikia kipimo aliondoka na omena alizolalamikia, na kejeli ya kubeba mpaka nyumbani.

Mimi aliniita nyieka, yaani mke mwenza. Nyanya wa Kijaluo huwaita hivyo wajukuu wao wa kike, kwa kuwa babu huhesabiwa ni mume wa wote. Babu yetu alikufa kabla sijazaliwa, lakini ugomvi wetu wa kumgombania haukuisha. Nikifika tu kutoka Kisumu na begi langu la shule, alishika kiuno. "Umekuja kufanya nini? Mume wetu kaburi lake limejaa nyasi, na wewe mke mdogo unakaa mjini kula mkate!" Nami nilimjibu kwamba mke mkubwa ndiye mwenye jembe. Majirani walisimama kusikiliza. Nilimpenda, na sisemi hivyo kwa kuwa amekufa. Nilimpenda kuliko nilivyompenda mama yangu mzazi, na mama alilijua hilo.

Sasa sikiliza nilichokifanya.

Nilipokuwa karibu kuolewa, mchumba wangu alikuwa mtu wa familia iliyotoka katikati ya nchi, Wakikuyu walioishi Kisumu miaka mingi na kuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Mama yake alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye kuongea polepole, ambaye kila nilipokwenda kwake nilikaa kwenye ukingo wa kiti. Ikapangwa waje Asembo kuleta mahari. Nilikagua boma la nyanya kichwani nikiwa bado mjini. Choo kitapakwa rangi. Viti tutakodi. Ng'ombe wafungwe mbali. Kisha nikafika kwa nyanya mwenyewe, nikaona mdomo wake.

Ofisini nilikofanya kazi vijana walikuwa na mzaha wao kuhusu wazee wenye mapengo. Nilikuwa nikicheka nao. Sikuwahi kusema hata siku moja, "Jamani, nyanya yangu ni mmoja wao."

Basi nikaenda Asembo siku ya Jumamosi, nikampata akichambua omena.

"Nyanya, kuna daktari mjini anaweza kukuwekea meno."

"Kwani yangu yameniuma?"

"Hapana. Ni ya kuziba pengo."

"Pengo limekukosea nini?"

"Wageni wanakuja, nyanya."

"Na hao wageni hawajawahi kuona mdomo?"

Nikakasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu kwetu anajua. Nikamwambia kwamba siku hizi watu wanajitunza, kwamba sitaki kuchekwa, kwamba siku moja tu katika maisha yangu naomba kitu kimoja. Aliendelea kuchambua omena mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Haya, nyieka. Bibi harusi ni wewe. Ukitaka nivae viatu vya polisi, leta viatu."

Tulikwenda kwa daktari wa meno Kisumu. Alimjaza mdomo udongo wa rangi ya waridi wa kuchukulia kipimo, nyanya akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na ulipotolewa aliniuliza kwa Kijaluo kama daktari huyu hulisha wateja wote ugali mbichi. Tuliporudi kuyachukua, meno yalikuwa meupe kabisa. Ya juu, yale yake mwenyewe, yalikuwa na rangi ya chai. Alijiangalia kwenye kioo cha daktari kwa muda mrefu.

"Huyu ni mke wa nani?" akauliza.

Nilicheka. Nilidhani ni utani wetu wa kawaida.

Siku ya mahari wageni walikuja na magari yao, na pamoja nao alikuja shosho wa mchumba wangu, bibi mzee sana, aliyeshikwa mkono na wajukuu wawili. Masikio yake yalikuwa yametobolewa na kuvutwa zamani zile, ndewe zikining'inia karibu na mabega, na alikuwa amezivalisha shanga. Alikuja nazo hivyo hivyo, kichwa juu. Mama mkwe wangu, yule yule niliyemwogopa, alimkalisha kiti cha mbele kabisa, akamtengenezea shanga vizuri ili zionekane.

Shosho alikaa akimchungulia nyanya. Mwisho akamwambia mchumba wangu kitu kwa Kikuyu, akicheka, akishika sikio lake na kulitikisa. Mchumba wangu akatafsiri. "Shosho anasema aliambiwa atakutana na bibi mwenye pengo la Kijaluo. Anasema yeye amekuja na masikio yake. Sasa anauliza pengo liko wapi?"

Watu wote wakacheka. Nyanya hakucheka. Aligeuza uso akaniangalia mimi, mkono wake ukiwa umeanza kwenda mdomoni, na nilielewa mara moja anachoniuliza. Alitaka ruhusa ayatoe. Ayatoe pale mbele ya watu, amwonyeshe mwenzake, wacheke pamoja wale mabibi wawili wasiojua lugha moja.

Nikawahi kusema, "Mwambie shosho kwamba nyanya alitengenezewa meno." Nikaongeza, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba ni mimi niliyelipa.

Mchumba wangu akatafsiri. Shosho akasema, "Aa." Mkono wake ukaondoka sikioni. Baadaye kidogo nilimwona akivuta kitambaa chake cha kichwa mpaka masikio yote mawili yakafunikwa, na hakukipandisha tena mpaka walipoondoka.

Wanawake wa kwetu walipongoja vigelegele, walimtazama nyanya, kwa maana siku zote yeye ndiye aliyeanza. Alifungua mdomo, kisha akashika taya kwa kiganja kuyazuia meno, akafunga tena. Mwanamke mwingine akaanza. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kitenge changu kipya, na nilichohisi, Mungu anisamehe, kilikuwa nafuu. Meno hayakuanguka.

Hakula samaki siku hiyo. Alisema ameshiba.

Baada ya harusi nilikuwa nikimtembelea mara kwa mara pamoja na mume wangu, tukiwa na gari dogo. Nyanya alitoka nje kutupokea akiwa na meno yake, akitembea na mkono karibu na kidevu. Alinisalimia kwa maneno mawili matatu. Nikimwita nyieka, alitabasamu mdomo ukiwa umefungwa. Chakula kikiletwa alisema, "Kuleni nyinyi, mimi nimekula sasa hivi." Kila mara alikuwa amekula sasa hivi. Na kila mara nilimwona amekonda kidogo kuliko nilivyomkumbuka, kwa maana sikumwona kamwe akiweka tonge mdomoni.

Nilimgeukia mama mdogo, mke wa ndugu yake baba, aliyekaa naye boma moja na kumpikia. Nilimwuliza mbele ya watoto wake kama anamnyima nyanya chakula. Mama mdogo akasema, "Anakula," akaangalia chini. Nikamwambia kwamba kula gani huko, nina macho. Nikaanza kuleta mkate laini na maziwa kutoka Kisumu, nikiyakabidhi mkononi mwa nyanya mwenyewe ili mama mdogo asiyaguse. Yule mama hakuwahi kunijibu vibaya. Nami nikalichukua hilo kuwa ushahidi wa hatia yake.

Jambo moja lingenifungua macho kama ningetaka kufunguliwa. Kwa simu nyanya alikuwa yule yule wa zamani. Nikipiga simu aliporomosha maneno, akimtukana mume wetu marehemu, akiniuliza nimeficha wapi ng'ombe wake, filimbi ikipita kati ya maneno. Nikifika mwenyewe, kimya. Nilimwambia mume wangu kwamba uzee ni kitu cha ajabu.

Alikufa baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nilipanga mazishi mimi, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kupanga kila kitu kwetu na huwa simwachii mtu. Mama mdogo alinipigia simu siku ya kupeleka nguo mochwari. Alitaja gauni, soksi, kitambaa cha kichwa. Kisha akasita.

"Na yale meno, tupeleke?"

"Wamvishe," nikasema. "Hilo nalo ni swali?"

"Sawa, mama."

Picha ya kuweka kwenye programu niliichagua ile ya siku ya mahari, meno sita meupe yakionekana. Jioni, sebuleni kwangu Kisumu, nikaandika wasifu wa marehemu. Nilitafuta maneno ya heshima, nikamwandika nyanya niliyezoea kumwona miaka ile ya mwisho. Mume wangu alisoma akasema ni mzuri sana. Tukapeleka kuchapa.

Asubuhi ya mazishi jeneza lilikuwa mbele ya nyumba yake, chini ya hema, na watu walipita kumwona. Akaja rafiki yake, bibi aliyeuza omena naye tangu ujana, mwenye pengo kama lake. Aliinama kwenye kioo cha jeneza, akatazama, akainuka.

"Ma en ng'a?" akauliza. Huyu ni nani?

Watu wakadhani macho yamemchoka. Nilikwenda kumshika mkono, nikamwambia ni rafiki yake, ndiye huyo. Akausukuma mkono wangu.

"Nimekula na mdomo ule tangu sijaolewa. Usinifundishe. Yawa, nani amemlaza huyu hapa na meno ya duka?"

"Ndiyo aliyokuwa akivaa, nyanya."

"Akivaa? Aliyavaa wewe ukija! Gari lako likisikika kule njia panda, mama mdogo wako anakimbia kumletea kikombe yalimolowekwa. Anayatia. Unakuja, unakaa, njaa inamwuma, hawezi kutafuna nayo, hawezi kusema nayo. Ukiondoka anayatema, ndipo analetewa samaki wake. Kila mara. Tulikuwa tunakungoja uondoke ndipo tule."

Nilimtafuta mama mdogo kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni, amebeba sufuria. Hakukataa.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikauliza.

"Alitukataza," mama mdogo akasema. "Alisema utaona vibaya."

Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aibu yangu mimi ilijulikana na boma zima, na majirani, na wauza omena wa soko zima, na waliitunza miaka yote hiyo kwa ajili yangu. Nilimkumbuka mama mdogo na mkate ule laini niliokuwa nikimficha. Nilitamani anitukane. Na wakati huo bado kulikuwa na watu wakinipa pole na kunisifu jinsi nilivyompamba marehemu.

Rafiki yake hakuwa amemaliza. Alisema huko anakokwenda mama yake anamngoja, na dada zake, na huyo mume tuliyemgombania, wote walimjua na pengo. Watamwona mgeni mwenye mdomo wa kitoto, watamwuliza ni wa nyumba gani. Sijui kama naamini mambo hayo. Mimi ni Mkristo, na yeye pia ni Mkristo, ana sare ya kanisa lake. Lakini sikuona sababu hata moja ya nyanya kuzikwa na uso wangu badala ya wake.

"Yatoe," akaniambia. "Wewe uliyeyatia, yatoe kabla mchungaji hajaanza."

Nikaomba kioo cha jeneza kifunguliwe. Baba mdogo akauliza kuna nini, nikasema nataka kumtengenezea kitambaa. Hata pale nilidanganya. Niliinama, nikaweka kidole kwenye mdomo wa chini wa nyanya, nikavuta taratibu. Haukusogea. Nikavuta tena. Ulikuwa mgumu na baridi, na kwa ndani ya ule mdomo nikagusa uzi.

Mama mdogo akaninong'oneza sikioni. "Wameshona, mama. Mochwari. Walisema usije ukafunguka njiani."

Nilibaki na kidole pale. Rafiki yake aliona, akaelewa bila kuambiwa. Nilidhani atapiga kelele. Aliinama tu karibu na nyanya, akasema naye kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini, mambo ambayo hayakuwa yangu kuyasikia, kisha akaenda kukaa na wenzake mstari wa mbele. Kioo kikarudishwa.

Ibada ikaanza. Walipoimba sikuimba. Mchungaji akaniita kusoma wasifu wa marehemu, nikaenda, kwa sababu miguu yangu imezoea kwenda mbele ikiitwa. Nilisoma alivyozaliwa, alivyoolewa, watoto aliowazaa na aliowazika. Sauti yangu ilikuwa sawa. Watu walifuata kwenye programu zao, kwa kuwa yote yalikuwa yamechapwa, neno kwa neno. Kisha nikafika kwenye aya niliyoipenda kuliko zote nilipokuwa nikiiandika.

"Nyanya alikuwa mama mpole, mtu wa maneno machache," nikasoma. "Hakupenda makelele wala kicheko. Hata chakula alikigusa kidogo tu."

Mstari wa mbele, wale mabibi wakaangaliana. Mmoja akaguna. Kisha wakaangua kicheko, wote, mapengo wazi, wakipigana mapaja, na mmoja akapiga kigelegele. Kwetu mke mwenza ana haki ya kumtania marehemu mbele ya jeneza lake, na utani mzuri ni ule wa kusema kinyume. Walidhani ndicho nilichofanya. Rafiki yake alicheka kuliko wote, akinitazama kwa macho yaliyolowa, na nikaona amenisamehe. Alinipungia mkono niendelee.

Niliangalia karatasi. Mstari uliofuata ulisema, "Tutaukumbuka ukimya wake." Watu wote walikuwa nao mkononi.

Nikausoma. Sikuwa na sentensi nyingine. Mabibi waliendelea kucheka kidogo, wakingoja nitabasamu, na sikutabasamu, na kicheko chao kikafa mmoja mmoja mpaka kikabaki cha rafiki yake peke yake, kisha na yeye akanyamaza.